Gunia la Mbolea Chini ya Karavani

Kama umekuja kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu nikianza sitaki kelele. Haya yalinipata mimi mwenyewe, Kimulot, saa nane mchana, na sikuwa nimeonja kinywaji chochote. Najua hadithi zenu. Mwanamke mrembo kando ya barabara, ukiangalia chini unaona kwato. Upuzi mtupu! Niliyemwona mimi alikuwa na jaketi la bodaboda lililopauka na gambuti zenye matope, na kwato hakuwa nazo.

Mimi ni fundi wa nyaya za magari pale Silibwet. Wazazi wangu walihamia huku kutoka Murang'a kabla sijazaliwa, kwa hivyo usiniulize kwetu ni wapi, kwetu ni hapa. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini, na nakwambia bila kuficha, hawa wanaojiita mafundi siku hizi ni bure kabisa. Mtu anachuna waya kwa meno, anaufunika na karatasi ya nailoni ya maziwa aliyoiyeyusha kwa kiberiti, halafu anakwambia, "Mzee, imeiva." Imeiva nini? Ugali?

Sasa, kuna mama mmoja mkulima wa chai kule Kimulot, mwalimu mstaafu, tunamwita Mama Chebet. Mama wa heshima zake. Lakini hata yeye alikuwa amenunua karavani. Karavani ni chumba cha bati chenye magurudumu mawili, kitanda na sinki ndani, unakivuta na gari. Alikiegesha katikati ya chai, akakipaka rangi nyeupe na maua ubavuni, na watu wa Nairobi wakawa wanakuja kulala humo na kupigana picha wakiwa wamefumba macho. Wana nyumba za mawe kwao, wanakuja kulala ndani ya kopo. Haya basi.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na jioni karavani ilitakiwa ivutwe hadi Kipkelion, kwenye harusi. Shida ilikuwa taa za nyuma. Ikisimama zinawaka vizuri. Ikipita tuta moja tu, zinalala. Na kama unaijua ile barabara, ukungu ukishuka kutoka msitu wa Mau huoni hata mkono wako, kwa hivyo kuvuta kitu cheupe bila taa ndani ya ukungu mweupe ni kumchimbia kaburi mtu anayekuja nyuma. Mama Chebet alinipigia simu akasema, "Fundi, tafadhali njoo leo. Sitaki kuua mtoto wa mtu."

Nilifika nikamkuta na Kipngeno, mpwa wake, jamaa mzima na ndevu zake, ndiye angeendesha pikapu ya kuvuta. Nikamweleza kazi, maana haina uchawi. Mmoja anakaa kwa gari akiwasha taa. Mwingine analala chini, anaanza pale plagi inapoingia mbele, anaufuata waya kwa mkono hadi nyuma, shibiri kwa shibiri, akiutingisha. Taa zitakapopepesa, hapo ndipo palipolegea. Kipngeno akasema ameelewa. Uso wake haukusema hivyo.

Ukungu ulikuwa umeshafika kwenye madirisha. Nikatandika gunia, nikaingia chini. "Kipngeno, washa paki!" Taa ndogo za nyuma zikawaka, nikaona wekundu kwenye nyasi. "Zima!" Zikazimika. "Indiketa ya kushoto!" Sawasawa. Nikajiambia, kumbe huyu ana akili kidogo. Tukaendelea hivyo kwa muda, mimi naita, taa zinajibu.

Halafu nikamsikia Kipngeno jikoni. Jikoni, huko juu, nyuma ya mistari ya chai, akimwomba shangazi yake sukari zaidi! Alikuwa ameshaniacha zamani, na ufunguo wa pikapu alikuwa nao mfukoni. Nikaita polepole, "Washa paki."

Zikawaka.

"Chamgei, fundi," mtu akanisalimu kwa Kikipsigis.

Alikuwa amelala chali upande wa pili wa ekseli, karibu nami kiasi cha kuguswa. Jaketi lake lilikuwa limelowa na limebonyea kifuani mahali ambapo kifua cha mtu hakibonyei. Niamini, nilitaka kukimbia. Lakini mimi nikiogopa huwa nakasirika, ndivyo nilivyoumbwa, na pia pale chini huwezi kukimbia, unatambaa tu kama mjinga.

"Chamgei mising," nikamjibu. "Umeingia hapa saa ngapi wewe?"

"Niko hapa tu."

"Kama uko hapa shika waya. Usilale bure."

Ndiyo, nilimtuma kazi! Wewe ungefanya nini? Akanyoosha mkono, akaushika waya, akasema, "Tingisha hapa, mbele ya gurudumu." Nikatingisha. Taa zote zikalala.

Hapo ndipo palikuwa. Waya wa athi, ule ambao ukikatika taa zote za nyuma zinakufa pamoja, ulikuwa unaning'inia umeparuzwa na mawe. Na haukufungwa kwa klipsi. Ulifungwa kwa kipande cha gunia la mbolea! Huku kwetu gunia la mbolea ndilo kamba, ndilo mkeka, ndilo mlango wa choo, kila boma linalo. Lakini gunia hilo hata ulioshe, chumvi ya mbolea haitoki yote. Ukungu ukililowesha, ile chumvi inaanza kula shaba. Chini ya fundo waya ulikuwa umegeuka kijani, zimebaki nyuzi mbili. Gari likitulia zinagusana. Likiruka, kwisha.

Nikatukana, sikufichi. "Ng'ombe gani alifunga hii? Huyu si fundi, huyu ni mpanda viazi. Mama yake alimlea na nini? Huyu angefungwa yeye na hili gunia aburutwe hadi Bomet!"

"Hata mimi namtafuta," yule jamaa akasema. "Miaka mitatu sasa. Nilikuwa nyuma ya hii karavani na pikipiki yangu. Ilikuwa na rangi ya kijani wakati huo. Sikuona taa yoyote, fundi. Niliona tu ukungu, halafu nikaona bati." Akaligusa fundo kwa kidole. "Angalia vile fundo limepinda."

Nikamulika kwa tochi. Fundo lilikuwa limezungushwa mara mbili, mkia ukapitishwa chini, na lilikuwa limeelekea kushoto. Watu hawafungi hivyo. Anayefunga hivyo ni shoto, mtu wa mkono wa kushoto.

Mimi ni shoto.

Ikanirudia yote, nikiwa nimelala pale na matope yananiingia shingoni. Karavani ya kijani, imesimama kando ya duka langu Silibwet, mwenyewe ana haraka, mimi nina njaa. Klipsi zilikuwa zimeniishia. Duka la vyuma lilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua ishirini, na mimi sikutaka kuvuka kwa sababu chakula changu kilikuwa kinapoa. Nikararua gunia. Mwenyewe akaniuliza kama itadumu. Nikamwambia, "Itashika tu." Nakumbuka hata nilikuwa natafuna.

"Ni wewe?" jamaa akauliza.

"Si mimi," nikasema. "Mashoto ni wengi."

Akageuza kichwa akaniangalia vizuri. Nilingoja anikabe. Nilingoja jino refu, moto machoni, hayo mnayosimuliana. Hakufanya lolote. Alinitazama vile mimi huwatazama wale wa karatasi ya maziwa.

"Miaka mitatu nilidhani nitakutana na mtu mbaya," akasema. "Kumbe ni mvivu tu."

Nilipopepesa macho, palikuwa na nyasi zilizolala na maji.

Basi nikafanya kazi, na haki ya nani sijawahi kufanya kazi vile. Nilikata sehemu yote iliyooza, nikaingiza waya mpya, nikauvisha mpira, nikaufunga kwa klipsi za chuma kila shibiri, nikautingisha kwa mikono miwili. Taa hazikupepesa. Nikatoka. Mama Chebet akanipa chai, akasema, "Asante sana, fundi. Nitakwambia ukweli sasa. Kuna kijana wa watu alifia nyuma ya hii kitu kabla sijainunua. Ndiyo maana nilibadilisha rangi na nikaita pasta aombe." Rangi na pasta! Nilitaka kumcheka. Nikaweka kikombe chini.

Nikafunga boksi la vifaa. Kipngeno akavuta. Pale langoni kuna tuta dogo, akalipita, taa zikalala.

Nikaingia chini, kila kitu kimeshika. Nikatoka, taa zinawaka. Akavuta tena, tuta lile lile, zikalala. Kipngeno akaanza kunitazama kwa kando, akasema labda twende tumwite fundi mwingine. Mimi! Kuniletea fundi mwingine! Giza lilikuwa linakaribia na Mama Chebet alikuwa ameshika kichwa. Kisha akasema, "Acha, Kipngeno, utaenda polepole tu hivyo hivyo. Itashika tu."

Nilipomsikia mama yule akiyasema maneno yangu yale yale, nikasimama mbele ya pikapu. Nikasema, "Mama, haiendi. Fundo la kwanza nililifunga mimi. Ni mimi nilifunga na gunia. Yule kijana nilimuua mimi."

Nyuma yetu taa ziliwaka, zote, na hakuna aliyekuwa ndani ya pikapu. Ziliwaka hadi Kipkelion, Kipngeno ni shahidi, na tangu hapo huwa hanisalimii.

Mama Chebet alinipeleka kwa mama wa marehemu. Usiniulize niliambiwa nini. Mama yule alininywesha mursik, maziwa ya kibuyu, kama mgeni yeyote, akanisindikiza hadi barabarani, na afadhali angenipiga. Vidole vyangu vya kushoto vimekuwa baridi tangu siku ile, hata nikivishika kwenye jiko. Haviwezi kufunga fundo. Nafunga kwa mkono wa kulia kama mtu anayejifunza, na wale vijana wa karatasi ya maziwa wananicheka. Wacha wacheke.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Gunia lile sikulitumia mara moja. Lilikaa dukani kwangu msimu mzima, nikilirarua kidogo kidogo kila nilipoona uvivu wa kuvuka barabara. Sijui ni trela ngapi. Sijui ziko wapi. Siku hizi ukiniona nimepiga magoti kwenye maegesho Kericho mjini, nachungulia chini ya trela ya mtu ambaye simjui, usiite polisi.

Na wewe uliyekuwa unacheka, kama trela yako iliwahi kupita Silibwet, lala chini uangalie leo, kabla ukungu haujashuka. Ukikuta fundo la gunia limepinda kushoto, usiivute trela nyumbani. Niite nije mimi pale ilipo.