Nilivyolitumia neno "hardship" kwa mama wa mkeka wa tatu

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa visiwani, na sisi wa huku Kongo.

Juzi kijana mmoja aliuliza humu: "hardship" maana yake nini, na linatumikaje? Mmemjibu vizuri. Dhiki, taabu, ugumu wa maisha. Yote ni sawa.

Niongeze kidogo tu. Kwa kawaida neno hilo halihesabiki, unasema "a life of hardship". Ukitaka kutaja shida mbalimbali ndipo unasema "hardships".

Hiyo ndiyo sarufi. Sasa naomba niwaeleze matumizi.

Mimi ni mzee, nakaa Ndosho, hapa Goma. Shule yangu iliishia sekondari. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi na redio. Neno hilo nimelitumia kuliko mtu yeyote humu, na nililitumia vibaya. Haya yalitokea, na mkosaji ni mimi. Sitamsukumia mtu.

Mwaka ule wakimbizi wa vita vya nchi jirani walipovuka mpaka na kujaa huku kwetu, mashirika yalitafuta watu wanaojua Kiingereza. Nikapata kazi ya ukalimani.

Waliokuwepo wanakumbuka. Kipindupindu kilikuwa kinaua kila saa. Na ardhi yetu huku ni mawe ya volkano, jembe haliingii. Wafu walifungwa kwenye mikeka, wakalazwa kwa mstari kando ya barabara mpaka lori lipite kuwachukua.

Kitu kilichonitisha zaidi si wafu. Ni kimya. Maelfu ya watu mahali pamoja, moshi umetanda, mchana kweupe, na husikii sauti. Unasikia kuni zikipasuka tu.

Tulikuwa na meza mbili chini ya turubai. Ya kwanza nilikaa mimi na bosi, mzungu asiyejua Kiswahili wala Kifaransa. Ya pili alikaa Papa Kasereka, Mnande wa Butembo, mkalimani mwenzangu, pamoja na mzungu mwingine.

Fomu ilikuwa na jina, idadi ya familia, na mwisho safu imeandikwa "Hardship". Upana wake vidole viwili. Mtu anasimulia, wewe unamwambia bosi, bosi anaandika.

Kasereka alitafsiri kila kitu, mpaka jina la mbuzi aliyepotea njiani. Foleni yake haikusogea. Mimi nilijifunza kubana. Mtu akisema dakika kumi, mimi nasema maneno mawili. "Lost children." "No shelter." "Widow." Bosi alinipenda sana. Akaanza kuniachia kalamu niandike mwenyewe.

Kasereka alikuwa ananicheka: "We Diksionere! Kamusi yako iko na ukurasa moja tu?"

Namjibu: "Papa, na wewe unaandika Biblia?"

Nilijiona hodari. Semeni ukweli, nani hapendi kusifiwa na bosi?

Asubuhi moja akaja mama, tumwite Mama Consolata. Kiswahili alikijua, alikuwa akifanya biashara mpakani kabla ya vita. Hakulia. Alikaa amenyooka kama mtu aliyekuja kuuza maziwa.

Akasema: "Papa, bwana yangu iko mu mukeka wa tatu, pale ku barabara. Majirani walimufunga jana. Iko anakohoa."

Wakuu, hapa nisimame kidogo mnielewe.

Mimi kwetu ni upande wa Bukavu. Nililelewa hivi: mfiwa akizungumza na marehemu wake, humbishii. Akikwambia amemsikia akiita, unaitika "ndiyo, mama". Na maneno yale huyapeleki kwa mtu mwingine, ni aibu. Hiyo ndiyo heshima. Pale barabarani nilikuwa nimeshawaona wengi wakiongea na mikeka.

Basi nikaitika: "Ndiyo, mama. Pole sana."

Bosi akauliza amesema nini. Nikamwambia: amefiwa na mume. Nikaandika "widow". Akapewa kadi ya turubai.

Alipoipata kadi hakuondoka. Alirudi nyuma ya foleni, akasimama upya. Saa nzima. Alipofika tena mezani akauliza jambo moja:

"Papa, ulimuambia muzungu?"

"Nilimwambia, mama."

"Alisema nini?"

"Alisema pole."

Huo ulikuwa uongo. Bosi hakujua hata kwamba kuna kikohozi.

Mama akaniangalia, akasema polepole, kama anamfundisha mtoto: "Mimi si wazimu, papa. Njoo usikilize."

Nikamwambia nitakuja. Akaenda.

Baadaye nilitoka kwenda haja, njia ikapita karibu na ule mstari. Sikukusudia kuangalia, lakini niliangalia. Majirani walikuwa wakilaza mikeka kwa adabu, miguu yote upande wa barabara, imenyooka sawasawa.

Ule wa tatu ulikuwa umekaa mshazari. Ncha ya miguu ilikuwa imetoka nje ya mstari, kama hatua moja ya mtoto.

Mama Consolata alikuwa amekaa kando yake, kichwa ameinamisha, akisikiliza. Aliniona. Hakuniita.

Nikajiambia ni mbwa wameuvuta. Ilhali siku zile sikuwa nimeona hata mbwa mmoja mahali pale. Hata hivyo niliendelea na njia. Nilirudi mezani, nikaandika watu wengine labda kumi na wawili.

Nikasikia mlango wa lori ukifungwa.

Muda kidogo nikamwona yule mama. Safari hii hakuja kwangu. Alikwenda kwa Kasereka. Hakuongea kirefu. Kasereka akasimama, kiti kikaanguka.

"We! Huyu mama anasema bwana yake alikuwa anakohoa mu mukeka. Ulimuambia muzungu?"

Nikajibu: "Nilimwambia ni mjane."

Kasereka hakucheka, hakunitukana. Alikuja kwenye meza yangu akamweleza bosi wangu yote, kwa Kiingereza chake kile kirefu. Na bosi aliyekuwa akimkatiza kila siku, siku hiyo hakumkatiza. Alikimbilia gari.

Tulikwenda wanne. Mama alikaa nyuma pamoja nami, goti lake likigusa langu kila tukiruka jiwe.

Tulipofika kwenye shimo la kuzikia, lori lilikuwa limeshamwaga. Chokaa ilikuwa imeshawekwa, na trekta lilikuwa limeshasukuma udongo juu. Kasereka akamuuliza mmoja wa vijana wa glavu, waliokuwa wakishusha maiti, kama kuna kitu chochote alichokiona.

Yule kijana alifikiri. Akasema: "Yote ilikuwa sawa, papa. Iko mumoja tu alikuwa na joto. Tukasema ni jua."

Wakuu, siku hiyo jua halikutoka. Ilikuwa ukungu na moshi tangu asubuhi mpaka jioni.

Bosi akanigeukia mimi: "What did he say?"

Nikatafsiri. Neno kwa neno, sikubana hata moja. Joto, na jua, vyote.

Mama Consolata hakujua Kiingereza. Lakini alikuwa akipima urefu wa maneno yangu. Nilipomaliza akasema:

"Leo umesema yote."

Akaondoka kwa miguu kuelekea kambini. Sikumwona tena, ingawa nilimtafuta kwa wiki kadhaa kabla sijaacha ile kazi.

Je, yule bwana alikuwa hai? Sijui mpaka leo. Madaktari mliomo humu labda mtasema maiti inaweza kutoa sauti, inaweza kubaki na joto. Inawezekana. Nimejiliwaza kwa hayo miaka mingi na hayajanisaidia, kwa sababu kujibu swali lile haikuwa kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa kulifikisha. Kulikuwa na mtu mmoja tu pale mwenye gari na daktari, na sentensi ile iliishia kwangu.

Na jambo linalonirudia mara nyingi ni lile neno nililoandika. Huenda nilimwita mjane wakati mumewe bado anavuta pumzi.

Kwa hiyo, kijana uliyeuliza: maana uliyopewa ni sahihi, ifuate. Kuhusu matumizi, litumie neno hilo kwa maisha yako mwenyewe, utakavyo. Ukielezwa maisha ya mwenzako, subiri kwanza amalize.

Nami naomba michango yenu. Mliowahi kukalimani mahakamani, hospitalini, kambini, au hata kumsemea mama yako mbele ya daktari: kuna sentensi uliyowahi kuibana?

Iandike hapa chini. Iandike yote.