Jina la Mal-sun Halihami

Bang Mal-sun aliwapikia watoto wa shule supu kwa miaka ishirini na sita, mpaka mabega yote mawili yakaharibika. Jasho la miaka hiyo lilikuwa won milioni tisini, na zote alikuwa nazo Pyo Chang-deuk, mwenye nyumba wake pale Incheon, Korea Kusini. Ndivyo walivyopatana: Mal-sun aweke amana, akae bila kulipa kodi ya mwezi, na siku ya kuhama arudishiwe yote. Mkataba uliisha mwezi wa tatu. Dadake aliyeko Gangneung alikuwa amepata chumba cha kuuzia uji wa maboga, na angemsubiri Mal-sun na fungu lake la mtaji mpaka mwezi wa kumi, si zaidi.

"Bosi, naomba pesa zangu," alimwambia Pyo kwenye simu.

"Mpangaji mpya akija, dada. Pesa zake ndizo zako."

Nani aje? Bei za nyumba zilikuwa zimeporomoka. Mmoja aliyekuja kuangalia alitaja nusu ya amana ile, akaenda zake. Mal-sun alipopiga tena, Pyo hakupokea. Na ni mtu huyuhuyu ambaye siku ya kupokea zile milioni alimwinamia mpaka paji likakaribia magoti.

Mwezi wa saba alikuja mwenyewe, kabeba tikiti maji kubwa.

"Mama, pole kwa kusubiri. Benki imekubali kunikopesha nikulipe. Ila wanataka nyumba isiyo na jina la mpangaji kwenye daftari la wakazi. Nenda ofisi ya kata, hamishia jina lako kwa dadako. Siku moja tu! Kesho yake unalirudisha."

Mal-sun alilitazama lile tikiti, akaliweka chini mlangoni. Mama Seo, mpishi mwenzake, aliambiwa maneno hayohayo na mwenye nyumba wake. Jina lake lilitoka siku moja, na siku hiyohiyo benki ikaandikisha deni juu ya nyumba. Jina liliporudi likawa nyuma ya benki kwenye foleni ya kulipwa. Nyumba ikapigwa mnada, benki ikachukua chake, Mama Seo akatoka na sufuria zake tu.

"Siku moja tu?" aliuliza.

"Moja tu, mama yangu."

"Basi twende wote, bosi."

Pyo alifurahi hata akamfungulia mlango wa gari. Ofisini akamchukulia namba, akakaa naye, akawa anampepea kwa fomu. Zamu yao ilipofika, Mal-sun alimwambia karani kwa sauti yake ya jikoni, ile ya kunyamazisha watoto mia nne:

"Naomba cheti kinachoonyesha kuwa jina langu liko palepale tangu nilipohamia. Nakipeleka mahakamani. Nataka nyumba ya huyu ipigwe mnada."

"Bibi mchawi we!" Pyo alifoka. "Utazeeka umekumbatia kuta zangu!"

"Na tikiti lako nimeliacha mlangoni. Kalile mwenyewe, likukwame."

Pyo akamkatia maji. Mal-sun alibeba ndoo ghorofa tatu kwa mabega yale mabovu, na kila ngazi alimlaani kwa jina.

Kesi ilijikokota. Mwezi wa kumi ukapita, dadake akakitoa kile chumba kwa mtu mwingine. Mal-sun alilia siku hiyo, kwa hasira kuliko huzuni. Na mnada ulipofika, hakuna aliyetaka kununua nyumba ambayo lazima kwanza amlipe mpangaji amana yake. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kimya. Mwishowe Mal-sun aliinunua mwenyewe kwa amana ileile aliyomdai Pyo, nyumba ambayo sasa thamani yake haikufika hata milioni sitini, na ambayo aliichukia kuanzia mlango hadi choo.

Alibandika tangazo la kupangisha, apate japo nauli na mtaji mdogo wa kwenda Gangneung. Akaja binti mmoja muuguzi, akazunguka vyumba, akagonga kuta.

"Na mwenye nyumba yukoje, mama? Ni mtu mzuri?"

"Usimwamini," Mal-sun alijibu. "Hata akikuletea tikiti, usihamishe jina lako. Hata siku moja."

Binti alishtuka. "Kwani yuko wapi? Nimwone."

Mal-sun alifungua bomba, amwonyeshe kuwa maji yanatoka.

"Ndiye mimi," alisema.