Kikapu cha Jirani

Kosa langu la kwanza katika mambo ya uchumi lilikuwa kusawazisha kikapu cha jirani. Nililikumbuka wiki iliyopita, nikinunua wimbi dukani mjini Tororo. Muuzaji alijaza gorogoro, akapitisha kijiti juu ya mdomo wa mkebe mpaka ikawa bapa, na punje zilizozidi zikarudi guniani. Sikuwa na la kulalamika. Kipimo kilikuwa sahihi, na mimi hupenda vitu sahihi kiasi cha kukosa usingizi.

Kijijini kwetu Kiyeyi, wimbi ilikaa ghalani kwa nyanya. Labda nawe ulikulia karibu na ghala la namna hiyo: fito zilizosukwa na kukandikwa kinyesi cha ng'ombe, paa la nyasi linaloinuliwa kwa mti wenye panda. Nyanya peke yake ndiye aliyeamua liinuliwe lini. Asubuhi tuliamshwa na mkwaruzo wa jiwe la kusagia, halafu harufu ya uji wenye ukwaju. Jioni, ugali mweusi na majani ya kunde. Dukani tulifuata chumvi, sabuni na mafuta ya taa, basi.

Baada ya mavuno, wachuuzi walivuka mpaka kutoka upande wa Kenya na magunia matupu. Mmoja alikuwa na mdomo mwepesi.

"Mama, hii wimbi yote unawekea nani? Panya?"

"Panya wangu nawajua," nyanya alimjibu. "Wewe sikujui."

Si kwamba alichukia kuuza. Aliuza kuku, aliuza ndizi. Lakini wimbi, alisema, ina wenyewe: sisi, mbegu ya msimu ujao, na yeyote atakayepungukiwa kabla ya mavuno. Huo ndio uliokuwa uchumi wake, ingawa hakuwahi kuuita hivyo.

Mwaka mmoja jirani yetu, mjane mwenye watoto wadogo, aliuza wimbi yake yote apate mabati. Mvua ikachelewa. Watoto wakawa wanakula mara moja kwa siku, chini ya paa linalong'aa. Alisitasita sana kabla ya kuja na kikapu. Nyanya alikuwa anakamua ng'ombe, akaniambia nipande ghalani nimjazie.

Nilijaza. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimewatazama wachuuzi kwa makini, nikapitisha kiganja juu, ikawa bapa kabisa. Nikasubiri kusifiwa.

Jirani alikitazama kikapu, hakukigusa.

"Kumbe nimekuja sokoni," alisema. Akaondoka mikono mitupu.

"Umempimia kama mgeni," nyanya aliniambia. "Anayenunua ndiye hupigiwa bapa. Huyu tunalima naye."

Ni kweli, walipalilia pamoja kila msimu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Aliyepewa wimbi wakati wa njaa hakulipa kitu. Alikuja na jembe lake kama siku zote. Mimi nilikuwa nimewatenganisha kwa kiganja kimoja, na kule watoto walikuwa wanasubiri chakula.

Nyanya alirundika wimbi mpaka ikawa kichuguu, akanitwisha. Nilitembea nikiidondosha njia nzima, kuku wetu wote wakinifuata. Jirani alikuwa mlangoni, uso mkavu. Aliutazama msafara ule.

"Na hao kuku, wamekuja kudai?"

Akacheka bila kupenda, akapokea kikapu. Moshi ulitoka jikoni kwake kabla sijafika nyumbani. Palizi ilipofika, alikuja na jembe.

Uchumi nimejifunza mwenyewe, kwa simu na vitabu vya mitumba. Humo kinachomwagika njiani huitwa hasara. Nimetafuta jina lingine, sijalipata.

Nyanya alifariki, na pale ghala lilipokuwa tumejenga vyumba vya kupangisha. Mama hununua wimbi Tororo. Jirani naye hununua duka hilohilo. Kila mmoja hupata kipimo chake kamili, na hakuna tena anayekuja na kikapu.