Hariri ya Mita Nne

Kitambaa cheupe kilikuwa mezani tangu Jumatatu. Hariri, mita nne, shangazi wa bibi harusi aliituma kutoka mbali na nyingine haipatikani. Harusi ni Jumamosi. Fundi ni mama wa bibi harusi mwenyewe. Mtaa mzima unamwita Mama Chapchap.

Kahawa nyeusi ameinywa miaka ishirini na mbili, vikombe saba kwa siku. Zamani kimoja kilimchangamsha mpaka jioni. Siku hizi vitatu vya asubuhi vinamfikisha tu pale wenzake wanapoamkia. Usingizi wake wa mang'amung'amu, na akishtuka anakunja upya nguo zilizokwisha kukunjwa.

Wiki iliyopita mkono ulimtetemeka akaharibu kola ya mteja. Hofu ikamwingia, akaenda zahanati. Nesi akamwambia, "Ubongo umeshaizoea kahawa, mama. Punguza, ila kidogo kidogo. Ukiacha ghafla kichwa kitakuuma, na kila mtu atakukera."

Yeye akaondoka na neno moja tu, punguza, na kwa haraka zake punguza ikawa acha. Jumatano hakugusa hata tone.

Alhamisi saa nne, siku ya kukata, kichwa kilimgonga kama kuna mtu anapigilia misumari ndani. Akapima kiuno cha binti yake, akasahau namba kabla hajaiandika. Akapima tena.

"Mbona unapumua kwa kelele hivyo?"

"Nisipumue basi, mama."

"Na redio nani kawasha?"

"Ya jirani hiyo. Iko hivyo kila siku."

Akashika mkasi, akauweka. Akaushika tena.

"Nikuwekee nusu kikombe?" binti akauliza.

"Nikinywa natetemeka. Nisipokunywa ndiyo haya unayoyaona."

"Nusu, mama. Nesi hakusema uache."

Akanywa akiwa amesimama, macho dirishani kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Baada ya nusu saa misumari ikapungua. Lakini mkono hakuuamini. Akamsogezea binti mkasi.

"Kata wewe. Nimekufundisha mwenyewe."

"Gauni langu mwenyewe?"

"Kwani atalivaa nani? Kata, mimi nashikilia."

Binti akakata taratibu mno. Mama alibana hariri kwa viganja vyote viwili, vidole vya miguu vikicheza ndani ya kandambili.

"Kaza mwendo kidogo."

"Wewe shikilia tu, Mama Chapchap."

Mkasi ukafika ukingoni. Vipande viwili, safi. Mama akafungua mdomo aseme kitu kuhusu upande wa kushoto, akaufunga.