Kanga Aliyebaki Porini

Usiku ule nililala bila kula, na chakula kilikuwepo. Ugali ulipoa mezani kati yangu na binti yangu Tabitha, kila mmoja akitazama upande wake. Posa yake ilikuwa inaletwa Jumamosi. Baba yake, marehemu mume wangu Elikana, alikuwa na miaka miwili kaburini, na Tabitha alitaka mtu mmoja tu asimame mahali pake kuwapokea wageni. Alimtaka Mwalimu Yoramu.

"Chagua mwingine," nilimwambia. "Baba zako wadogo wapo. Wazee wa kanisa wapo. Huyo, hapana."

"Mama, huyo ndiye aliyemjua baba."

"Huyo ndiye aliyemuua."

Nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo kwa sauti. Tabitha alinitazama kidogo, akainuka, akaingia chumbani kwake. Nami nikafunika ugali, nikazima taa.

Niwaeleze kwanza habari za hawa wanaume wawili. Elikana alikuwa fundi wa reli hapa Manyoni, Yoramu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Urafiki wao ulikuwa wa kuwinda. Hawakuwinda kwa njaa wala kwa biashara. Waliwinda kwa kupenda tu, kama wengine wanavyopenda mpira. Jumamosi za msimu, vibali mfukoni na bunduki za marisau begani, walipanda baiskeli wakaelekea vichakani upande wa Itigi kutafuta kanga na kwale. Niliwahi kumwuliza, "Baba Tabitha, si tunafuga kuku hapa?" Akanijibu, "Kuku namjua."

Walikuwa na miiko yao, na waliishika kuliko hata masharti yaliyoandikwa kwenye kibali. Kanga aliyesimama chini hapigwi. Angojewe aruke, naye apate nafasi yake ya kuponea. Kwenye maji, ndege wanapokunywa, bunduki hainyanyuliwi. Mvua ya kwanza ikidondoka, wamemaliza mwaka, hata kama kibali bado kina siku zake, kwa sababu ndege wanaanza kutafuta pa kutagia. Na ndege uliyemjeruhi ni wako, unamfuata mpaka umpate. Mwiko huo wa mwisho ndio ulionifanya mjane.

Jumamosi ile ya mwisho Elikana alirudi na kanga wanne, lakini alikula kama mgonjwa. "Kuna mmoja amebaki porini," aliniambia. "Kapigwa vibaya. Giza limetukuta." Alfajiri ya Jumapili, badala ya kanisani, akaondoka tena na Yoramu. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mapaa ya nyumba, na mvua ya kwanza ya mwaka ikawamwagikia hukohuko. Alirudi mchana akitetemeka, nami nikampokea kwa maneno badala ya maji ya moto. Kifua chake kilikuwa kibovu siku zote. Homa ya mapafu ikamwingia, na siku ya tisa tukamzika.

Makaburini, watu walipoanza kutawanyika, nilimfuata Yoramu.

"Yule ndege alikuwa wa nani?"

"Wangu, shemeji. Mimi ndiye niliyempiga vibaya."

"Basi kwangu usikanyage tena."

Hakukanyaga. Tulipokutana sokoni alivua kofia, akapita upande wa pili.

Sasa, ndoto yenyewe.

Nilikuwa uani, nimekaa kwenye kigoda, nanyonyoa kanga. Beseni la maji ya moto lilikuwa linafuka mbele yangu. Nilinyonyoa, nikanyonyoa, lakini yale manyoya meusi yenye vidoa vyeupe hayakwisha. Nikimgeuza ndege, upande niliokwisha kuutoa umeota tena. Sikushangaa. Nilihisi tu kwamba kazi ni nyingi na nimeianza zamani.

Mlango wa uani ukafunguka, na Elikana akaingia. Alipanda ngazi tatu za mlangoni bila kukohoa. Hilo ndilo nililoliona kwanza, kabla hata sijaona uso wake. Kwa miaka mingi nilikuwa nikimjua kwa kikohozi chake akiwa bado barabarani, na sasa amefika mpaka kwenye kigoda changu kimyakimya.

"Nawa mikono," alisema. "Twende."

Miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kuniambia twende, wala mimi sikuwahi kuomba. Kanga niliwajua wakiwa wamekufa tu. Nikanawa. Nikajifuta kwenye khanga yangu, nikamfuata, na tulipovuka mlango sikuiona barabara wala nyumba ya jirani. Tuko porini. Ni asubuhi, jua linapita chini ya vichaka, na mchanga una baridi. Nagundua kwamba niko peku. Elikana anatangulia. Kila anapokanyaga anageuka kidogo kuona kama nimekanyaga palepale.

Tunatembea kwenye mataruma ya reli, kisha hakuna reli, kuna safu za mabenchi ya kanisani kwetu, yamesimama mchangani na miiba imeota katikati yake. Elikana anavua kofia anapopita. Mbele, pale ambapo mchungaji husimama, pana uwazi, na kanga wamejaa. Sijawahi kuona kanga walio hai kwa ukaribu ule. Wanachakura na kuchokozana, vichwa vya buluu, shingo zikipanda na kushuka, kama wanawake waliokutana bombani. Mmoja mkubwa amesimama juu ya kichuguu, analinda wenzake.

Nilisikia kitu kikinilegea kifuani. Nilitaka kucheka.

Elikana ameinua bunduki. Nangoja mlio, sisikii. Nangoja tena.

"Mbona hupigi?" nikamnong'oneza. "Si hao hapo?"

"Hawajaruka."

Tulikaa hivyo. Sijui ni muda gani, ndoto haina saa. Nilikuwa nimeegemea bega lake na bega lilikuwa na joto. Nikaanza kuelewa, bila kuelezwa, kwamba Jumamosi zake nyingi zilikuwa hivi: kungoja, kutazama, mkono umetulia. Mimi nyumbani nilidhani ni milio na damu tu.

Kisha yule mlinzi akapiga kelele na kundi lote likainuka kwa mara moja, mabawa yakivuma kama gari moshi linapopita darajani. Bunduki ikaruka begani kwa Elikana. Haikutoa sauti. Ndege mmoja aliyumba, mguu ukaning'inia, akaendelea kuruka chini chini mpaka vichaka vikammeza.

Elikana alishusha bunduki.

"Huyo ni wangu," alisema.

"Yoramu alisema ni wake. Aliniambia makaburini, kwa kinywa chake."

Alinyoosha mkono tu, na kule alikoonyesha nikamwona Mwalimu Yoramu, mbali, ametupa mgongo. Amebeba gunia kubwa limemkunja mpaka kichwa kinakaribia magoti. Nataka kumwita, sauti haitoki.

Tukaanza kumfuata yule ndege. Elikana ananionyesha tone la damu kwenye jani, unyoya mmoja, mstari wa mguu unaoburuzwa mchangani. Mvua inaanza. Inaninyeshea mimi, yeye shati lake haliloi. Nilikuwa nimeloa chapachapa na hasira zangu zote za miaka miwili zikanipanda.

"Ndege mmoja, Elikana! Kwa ajili ya ndege mmoja uniache!"

Akasimama. Hapo ndipo aliponigeukia kabisa, na uso wake ulikuwa ule wa kabla ya ugonjwa, mashavu yamejaa.

"Sikwenda kufa, Ruthi. Nilikwenda kumaliza nilichoanza."

Aliniita kwa jina langu. Nyumbani nilikuwa Mama Tabitha tu. Nikamfuata.

Ndege tulimkuta chini ya kichaka, amejikunja, mdomo wazi. Elikana alipiga magoti matopeni. Alimfunika macho kwa kiganja, akammaliza kwa mkono wa pili, haraka, bila purukushani. Kisha akamkunja mabawa, moja baada ya jingine, akayalaza vizuri ubavuni kama mtu anavyokunja nguo ya mwenzake. Nikakumbuka kwamba kanga wake wote walifika jikoni kwangu hivyo, mabawa yamekunjwa. Nilidhani ni ili waenee kwenye mfuko.

Akanipa. Alikuwa na uzito, na alikuwa bado wa moto.

"Kamwambie Yoramu atue mzigo," alisema. "Ni wangu."

Nilitaka kumwuliza kama ana baridi huko aliko. Nilitaka kumwambia kwamba siku ile ningemchemshia maji. Lakini mikono yangu ilikuwa mitupu, maji yalikuwa yamekauka mwilini mwangu, na nilikuwa nimelala ubavu kitandani kwangu, kumekucha, Tabitha anafagia uani.

Sikulia. Nilikaa kitandani nikijihisi kama mtu aliyeshiba. Nilivaa viatu, nikapita mlango wa mbele, nikaenda.

Mwalimu Yoramu anakaa ng'ambo ya reli, mwendo wa nusu saa. Nilimkuta akiwatupia kuku mtama. Nilipopiga hodi aligeuka, akavua kofia kama anavyofanya sokoni, lakini safari hii hakuwa na upande wa pili wa kupita.

"Shemeji," alisema. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimekuja kuuliza swali lilelile. Yule ndege alikuwa wa nani?"

Mtama ulibaki kwenye kiganja chake. Kuku walimzunguka wakimdonoa viatu.

"Nilikwisha kukujibu, shemeji."

"Elikana amekuja kwangu usiku. Anasema ni wake. Anasema utue."

Mwalimu aliketi kwenye ukingo wa baraza lake, polepole, akishika ukuta. Alikuwa amezeeka katika miaka ile miwili, na mimi sikuwa nimemtazama vya kutosha kuliona hilo.

"Ni wake," alisema mwishowe. "Mimi siku ile sikupiga hata mmoja. Wale wanne walikuwa wake, na yule wa tano pia."

"Kwa nini basi uliniambia vile?"

"Ulikuja na macho ya mtu anayetafuta wa kumkasirikia. Umetoka kumfukia mumeo dakika ile. Nikajiuliza, huyu mama atamkasirikiaje marehemu? Atalala naye vipi moyoni? Mimi nilikuwa hai, shemeji. Nikaona nitaweza."

Nilikaa karibu naye barazani, nikiwa na aibu inayochoma masikio.

"Miaka miwili, Mwalimu."

"Ilikuwa mirefu," alikiri. "Mwezi wa kwanza nilidhani utapoa. Baadaye nikaogopa kwamba nikikueleza ukweli nitakuumiza upya."

Kisha nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza mtu yeyote, kwa kuwa siku ile nilikuwa nagomba, na baada yake palikuwa na homa tu. Niliuliza kama yule ndege walimpata.

Uso wa Mwalimu ulifunguka wote.

"Hakukwambia? Tulimpata! Kama saa nne hivi, mvua inamwagika, chini ya kichaka kule karibu na korongo. Mimi nilikuwa nimekwisha kukata tamaa, nikamwambia turudi. Akasema bado kidogo. Akatambaa kwa tumbo, shemeji, mtu mzima na kifua chake kile! Alipompata, akammaliza vizuri, akamkunja mabawa kama kawaida yake. Yule ndege tulimpa bibi mmoja anayeishi peke yake njiani, maana Elikana alisema nyumbani utauliza maswali." Akacheka, na macho yake yalikuwa yanamwagika. "Njia nzima aliimba. Tumelowa kama panya, tunasukuma baiskeli kwenye tope, naye anaimba nyimbo za kwaya, sauti zote nne peke yake. Nilimwambia nyamaza, utachoka. Akasema leo nimemaliza mwaka vizuri."

Nikamwomba anisimulie tena. Akanisimulia tena, na mara hii akaongeza ni nyimbo zipi. Mkewe alitoka ndani akaleta chai na viazi, akaniona, akarudi ndani kuongeza kikombe bila kuuliza lolote. Nilikula. Nilikuwa na njaa ya tangu jana yake.

Kabla sijaondoka nilimwambia kwamba wageni wa Tabitha wanakuja Jumamosi, na kwamba mtoto anamtaka yeye.

"Na wewe, shemeji?"

"Mimi ndiye niliyetumwa."

Alinisindikiza mpaka kwenye reli, kofia ikiwa kichwani.

Nilimkuta Tabitha uani anafua, mikono imezama kwenye beseni, uso bado umenuna. Nikamwambia, "Mwalimu Yoramu anakuja Jumamosi. Atafika mapema kabla ya wageni. Na baba yako yule ndege alimpata. Aliimba njia nzima akirudi."

Alinitazama kama aliyesikia lugha ngeni. Kisha akaacha shuka majini, akanikumbatia na povu lake lote.