Kumpumzisha Mheshimiwa

Fundi alikuwa na miaka thelathini na minne katika kazi ya makochi, na hakuna mteja aliyewahi kukalia kazi yake akainuka na lawama. Nyumbani kwake, hata hivyo, palikuwa na kochi la mtu mmoja ambalo ungelikuta limetupwa barabarani ungeliacha hapo hapo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umechanwa kuanzia juu hadi chini, kitambaa kinaning'inia vipande vipande, sponji inachungulia nje. Kinyozi hajinyoi, watu walimtania. Naye alijibu kwamba kinyozi huyu angeshajinyoa zamani kama asingekuwa anaishi na mwenye wembe.

Mwenye wembe alikuwa paka. Nyumbani walimwita Mheshimiwa, na cheo hicho alikipata kihalali: hakuwa na kazi, hakukosekana penye chakula, na watu walipozungumza mambo ya maana yeye alilala. Alikuwa na miaka kumi na tisa, umri ambao paka wengi huusikia tu. Mke wa Fundi ndiye aliyemleta nyumbani akiwa anaenea kiganjani, na siku hiyo hiyo Fundi alitangaza kuwa yeye na paka hawapikiki chungu kimoja. Tangazo hilo alilirudia kwa miaka yote kumi na tisa. "Ipo siku nitakushona ndani ya mto," alimwambia kila alipokuta uzi mpya umeng'olewa, "na mto wenyewe niuuze." Mheshimiwa alimtazama, akajilamba bega, akarudi kwenye shughuli zake. Wala msidhani Fundi alikuwa mkweli sana. Kila alipokula samaki alibakiza kichwa na nusu ya mgongo, akidai miiba inamsumbua koo, na koo hilo halikuwahi kusumbuliwa na kitu kingine chochote.

Mambo yaliharibika mkewe aliposafiri. Binti yao alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na mama mtu akafunga mizigo aende akakae naye wiki mbili. Mlangoni aliacha maagizo: gesi ifungwe, maua yamwagiwe maji, na Mheshimiwa akikataa kula apelekwe kwa daktari. "Usingoje," alisema. Akasema tena, "Usingoje, Fundi," halafu akaingia kwenye teksi bila kugeuka. Fundi aliona ajabu kidogo, kwa sababu mkewe hata akienda sokoni huaga mara tatu.

Siku ya tatu Mheshimiwa akakataa kula. Fundi alimchambulia samaki, akampondea, akampulizia apoe, akaonja kidogo mbele yake kumwonyesha mfano. Paka alinusa, akageuza uso. Alikuwa amekonda, pingili za mgongo zinahesabika, na alipojaribu kupanda kwenye kochi lake alishindwa, akaning'inia kwa kucha za mbele mpaka Fundi akamsukuma makalio. Asubuhi iliyofuata Fundi alimtia kikapuni, akaenda naye.

Daktari wa mifugo alikuwa na chumba kimoja chenye picha ya ng'ombe ukutani na mizani ya kupimia mbuzi sakafuni. Alikuwa dada mpole, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba Fundi, ambaye masikio yake yaliharibiwa na nyundo siku nyingi, ilibidi ainame kumsikia. Alimpapasa paka tumbo, akamsikiliza moyo, akafungua faili na kulisoma kwa muda.

"Mama hakuja leo?" aliuliza.

"Amesafiri."

"Aa." Akalifunga faili. "Figo zimekwisha, mzee. Mimi naona tumpumzishe."

Hapa inabidi mwelewe kitu kimoja kuhusu kazi ya makochi. Kochi likishatiwa sponji mpya na kuvutwa kitambaa, halimaliziwi siku hiyo. Huachwa hadi kesho yake ili sponji ijae, gundi ishike, kitambaa kikae mahali pake, ndipo lifungwe chini. Mafundi huita huko kupumzisha, na kochi lililopumzishwa vizuri huamka na nguvu zake. Fundi alikuwa amelitamka neno hilo mara elfu, na hakukuwa na hata mara moja ambapo kochi lilikufa.

"Mpumzishe, daktari," alisema, moyo ukitulia. "Hata mimi kazini napumzisha."

Daktari alimtazama. "Unapumzisha?"

"Kila wiki. Mawili, matatu. Makubwa nayapa siku mbili."

Daktari alivuta droo. "Ungependa kukaa naye?"

"Hapana, nina kazi ya watu inaningoja. Nitampitia jioni."

Akapewa karatasi, akatia saini bila kuisoma. Kisha akamgonga paka mgongoni kwa vidole viwili, vile anavyogonga mto kujua kama umejaa, akamwambia, "Usimsumbue daktari." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho kwa kiumbe aliyeishi naye miaka kumi na tisa.

Jioni alirudi na kikapu alichokitandika kipande cha mahameli nyekundu, kilichobaki kwenye kochi la mwalimu mkuu, na ndani yake samaki wa kuchemsha amefungwa kwenye karatasi.

"Ameamka?" aliuliza.

Daktari alitazama kikapu, akatazama samaki, na polepole akaelewa. Akaketi kwenye kitu kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa mizani ya mbuzi. Mshale ukaenda hadi hamsini na nane.

"Mzee," alisema, na safari hii sauti yake ilisikika vizuri kabisa, "mimi nilidhani tumeelewana."

Fundi alimzika Mheshimiwa nyuma ya jiko, chini ya kamba ya kuanikia nguo, ndani ya mahameli. Samaki naye akaingia humo humo, maana nani angemla? Kisha akaketi kizingitini na kuisoma ile karatasi, maneno saba kwa jumla: *Natoa ruhusa mnyama wangu apumzishwe kwa amani.* Chini yake saini yake, imeandikwa vizuri, hata mkia wa mwisho haukukatwa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mkewe alikuwa amekwenda kumpokea mjukuu wa kwake, na Fundi akabaki nyumbani kumpokea huyu mwingine.

Simu ikalia. Fundi alikuwa amepanga kusema yote, kuanzia figo hadi mizani.

"Mjukuu hajambo," alisema mkewe. "Kichwa kama chako. Na Mheshimiwa?"

Fundi alifungua mdomo, na lililotoka ni neno moja. "Amepumzika."

Upande wa pili mtoto alisikika akilia kwa mbali. "Vizuri," mkewe alisema mwishowe. "Na wewe pumzika."

Alipokata simu Fundi aliona haya mpaka masikio yakawaka. Hakuwa amesema uongo hata nukta moja, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Tangu jioni hiyo mkewe alipiga simu kila siku, akauliza gesi, akauliza maua, paka hakumuulizia tena. Fundi alimshukuru Mungu na kujiona mwizi.

Kazini alikuwa akigawana banda na Seremala, aliyetengeneza mbao za ndani ya makochi na kujua habari za kila mtu. Asubuhi baada ya maziko Seremala alimkuta machozi yakidondoka juu ya sponji.

"Kuna nini, Fundi?"

"Mheshimiwa hatunaye tena."

Seremala akaweka msumeno chini, akavua kofia, akawasha redio. Redio ikapiga muziki, ikasoma matokeo ya mpira, ikapiga muziki tena. Saa mbili zikapita.

"Mbona hawatangazi?" Seremala aliuliza.

"Familia haijaarifiwa," Fundi alisema, kwa sababu alikuwa akimfikiria mkewe.

Seremala alitikisa kichwa kwa heshima. Alisema alimpigia kura mara mbili na barabara ya kwao ni mashimo vile vile, lakini marehemu hasemwi. Kufika mchana muuza matunda wa jirani alikuwa ameshapata habari, naye akamhabarisha fundi baiskeli, na fundi baiskeli alikuwa akiuliza nani sasa atagombea. Ikabidi Fundi awaeleze ni mheshimiwa yupi.

Seremala alicheka hadi akashikilia ubao. Kisha akamwona Fundi usoni, akaacha.

"Lakini si wewe uliyekuwa ukisema utamshona ndani ya mto?"

"Nilisema."

"Sasa unalia nini?"

Fundi alijipangusa machozi kwa kipande cha sponji. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja, na hakuna aliyempa pole, wala hawakuwa na kosa. Mtu aliyejitangaza adui kwa miaka kumi na tisa atapewa pole ya nini? Alikuwa amemwacha mnyama mzee mezani kwa mgeni, akakimbilia kochi la mwalimu mkuu, na kochi lenyewe lingeweza kungoja hadi mwezi ujao. Hilo hakumwambia mtu.

Akaamua afanye alichojua. Kabla mkewe hajarudi angelivisha upya lile kochi la nyumbani, liwe jipya, ili akipata habari mbaya apate na pa kukaa. Alileta bisibisi, koleo na nyundo ndogo, akalipindua, akaanza kung'oa pini. Ndani ya mkono uliochanwa alikuta ghala zima: chaki tatu za kuchoria kitambaa, hereni moja ya mkewe, vichwa viwili vya samaki vilivyokauka kama mbao, na sindano yake kubwa iliyopinda, ile aliyomsingizia Seremala mwaka juzi na kumnunia mwezi mzima. Fundi aliishika ile sindano kwa muda. Kisha akakiokota kitambaa kilichochanika akitupe, na mkono ukakataa. Kilikuwa kimejaa manyoya.

Basi akalishona upya kama lilivyokuwa. Ujaribu wewe uone. Kushona kitambaa kizima hata mwanagenzi anaweza. Kurudisha matambara mahali pake, kila uzi uning'inie ulikoning'inia, kila tundu liwe lile lile, kazi hiyo ilimchukua siku tatu na kumtoboa vidole vinne. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na kwa macho ilikuwa takataka.

Mkewe alirudi Jumamosi saa sita. Aliweka mizigo, akaketi kwenye kochi, akapitisha kiganja juu ya mkono wake wa kulia.

"Umelifungua," alisema.

"Nani, mimi?"

"Nyuzi hizi zilikuwa zikilalia huku. Sasa zinalalia huku."

Fundi akaketi sakafuni mbele yake, kwa kuwa hakuona pengine panapomfaa, akasema yote: samaki, figo, kupumzisha, saini, kikapu. Alipofika kwenye "usimsumbue daktari" akalia waziwazi, kwa kwikwi, mtu mzima mwenye mjukuu.

"Nilijua," mkewe alisema. "Uliponiambia amepumzika, nilijua. Hukuona sikumuulizia tena?"

"Ulijua vipi?"

Mkewe alivuta uzi mmoja, akaurudisha. "Nilimpeleka mimi kwanza. Wiki moja kabla sijaondoka. Daktari akaniambia, mama, tumpumzishe. Nikaelewa mara moja. Nikajifanya sikuelewa. Nikamwambia, haya daktari, nitakwenda kumpumzisha nyumbani, nikamfunga kangani nikatoka mbio. Halafu nikasafiri, nikakuachia wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Nilijua utaweza. Wewe humpendi."

"Nani kakwambia simpendi?"

"Wewe. Miaka kumi na tisa."

Fundi alifuta pua kwa mkono wa shati. "Mimi sikujifanya, mama. Mimi sikuelewa kweli. Nilidhani atampumzisha kama ninavyopumzisha kochi."

Mkewe alimtazama. Midomo ikaanza kumtetemeka, Fundi akadhani analia, kumbe anazuia kicheko, na mwishowe vikatoka vyote viwili. "Na ukamwambia makubwa unayapa siku mbili?"

"Nilimwambia."

Alipotulia alijipangusa macho kwa ncha ya kanga. "Hebu niambie kweli. Ungeelewa, ungekubali?"

Fundi alifikiri. Aliitazama ile sakafu, akamwona paka kikapuni, na samaki wa kupondwa, na asubuhi nyingine, na nyingine.

"Ningekataa," alisema. "Ningemrudisha nyumbani."

"Hata mimi nilimrudisha. Wewe masikio yako hayasikii, Fundi. Alikuwa akilia kila alfajiri akienda kujisaidia. Mwezi mzima nilimsikia, na bado nilimrudisha." Akaweka kiganja juu ya kichwa cha mumewe. "Mungu amemhurumia. Mmoja wetu hakujua Kiswahili."

Mchana huo walikula samaki. Fundi alikula taratibu, na alipomaliza, sahanini mwake palibaki kichwa na nusu ya mgongo. Mkewe aliitazama sahani, akamtazama yeye.

"Koo?" aliuliza.

"Koo," alisema Fundi.