Swichi Tatu Zilizokataa Kuwa Moja

Cheka wewe, msomaji, mimi nguvu za kucheka sina. Ofisi yetu ya misaada hapa Karagwe ilinituma Kampala kununua swichi tatu za mtandao, vile visanduku vya kuchomekea nyaya za kompyuta. Fundi alinieleza kwamba zikiunganishwa, zote tatu hufanya kazi kama swichi moja kubwa. Mimi, ninayepatana bei na kinyozi akiwa ameshaninyoa, nikaona hapo ndipo pa kukwepea ushuru.

Nilifika forodhani Murongo nikiwa hoi, vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo mama. Nina swichi moja tu."

Mama wa ushuru akafungua boksi. "Marahaba. Mbona naziona tatu?"

"Kwa macho ni tatu, mama. Kwa kazi ni moja. Zikiunganishwa utaona mwenyewe."

"Waitu!" akadakia kwa mshangao muuza ndizi nyuma yangu. "Basi na mimi mikungu yangu yote ni mkungu mmoja!"

Foleni ikaangua kicheko. Mama wa ushuru hakucheka wala hakukasirika. Alinisogezea meza.

"Haya baba, ziunganishe. Zikiwa moja, utalipia moja. Zikikataa, mzigo unabaki hapa mpaka bosi wako aufuate mwenyewe."

Nikazipanga juu ya meza, moja juu ya nyingine, taratibu kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Kisha nikaishia hapo.

"Waya wa kuziunganisha uko wapi?" akauliza mama wa ushuru.

Ikabidi niseme, foleni nzima ikisikiliza: "Niliurudisha dukani, mama, ili wanipunguzie bei."